Kabla ya kuongeza turbo, ipe injini yako mpya kilomita 1,600 za vilima vya Kericho

UKIWA Kericho mjini Jumapili jioni, mvua imekatika na lami bado inang'aa, utalisikia kabla hujaliona. Mngurumo wa Subaru ya turbo hauna mwenzake. Unadunda kama ngoma yenye mapigo yasiyolingana. Kisha gari linatokea, dirisha limeshushwa, dereva ni kijana wa rika lako na mbogi yake nzima iko ndani. Kila mtu kwenye steji anageuka kutazama.

Sasa wewe pia umepata lako. Au lile la zamani limefufuka: injini imefunguliwa, imejengwa upya, na asubuhi hii imewaka kwa mara ya kwanza. Simu yako imejaa video za watu wanaoongeza presha ya turbo, wanaoweka ekzosi pana na kubadilisha programu ya kompyuta ya injini. Mkono unakuwasha. Unataka kumpigia jamaa wa laptopu leo hii akuongezee nguvu.

Weka simu chini kwanza. Nikupe kisa.

Rafiki yangu mmoja wa upande wa Litein alikuwa na Forester ya turbo ambayo injini yake ilinoki. Pesa za kuijenga upya zilitoka kwa mamake. Ilikuwa bonasi ya chai, yale malipo ya mwisho ambayo wakulima wadogo wa KTDA hungojea mwaka mzima. Mama alikuwa na paa la jikoni la kubadilisha. Aliliacha, akampa mwanawe pesa na kumwambia, "Chukua. Lakini hiyo gari itanipeleka kanisa na hospitali."

Fundi akaijenga. Pistoni mpya, ringi mpya, beringi mpya. Siku ya tatu gari halikwenda kanisani. Lilikwenda kwa jamaa wa laptopu, presha ya turbo ikaongezwa, na jioni hiyo likajaribiwa kutoka Kapkatet hadi Kaplong mafuta yakiwa yamekanyagwa hadi chini. Wiki ya pili, moshi wa samawati ukaanza kutoka nyuma kila akibadilisha gia. Kufikia wiki ya nne, lita nzima ya oili ilikuwa inaisha kabla hajamaliza tangi mbili za petroli.

Akarudi kwa fundi. Fundi akasema kosa ni la jamaa wa laptopu. Jamaa wa laptopu akasema aliletewa injini mbovu. Wote wawili walisema kwa sauti kubwa, na hakuna hata mmoja aliyeweza kuthibitisha. Unajua kwa nini? Kwa sababu hakuna mtu aliyekuwa amepima chochote injini ilipokuwa nzima.

Ndiyo maana leo tunaongea kuhusu kuzoesha injini. Wengi hudhani ni mambo ya wazee, ya kuendesha polepole kama unabeba mayai. Sivyo. Kilomita za kwanza hufanya kazi mbili: zinaifanya injini ikamilike, na zinakupa wewe nafasi ya kuijua. Huwezi kuongeza nguvu kwenye kitu usichokijua.

Injini yako ni "mpya" kwa maana gani?

Kwanza tuelewane kuhusu neno hili, maana hapa kwetu lina maana tatu.

Kuna gari jipya kabisa, la sifuri kilomita, kutoka kwa muuzaji rasmi. Wachache sana kati yetu watalishika. Kuna injini iliyojengwa upya na fundi, ile wanayoita ovahoo. Halafu kuna injini ya "ex-Japan", iliyotolewa kwenye gari lililotumika Japani na kuletwa hapa ikiwa nzima.

Hii ya tatu haihitaji kuzoeshwa. Ilizoeshwa zamani na mtu mwingine, huko Osaka au Sapporo. Inachohitaji ni ukaguzi: kompresheni, mkanda wa taiming, pampu ya maji, sili zinazovuja. Ukiinunua, pesa zako za kwanza ziende huko.

Wanaohusika hasa na makala haya ni wa kundi la pili, na ndio wengi. Kenya hairuhusu kuingiza gari kuukuu lililopita miaka 8, kwa hivyo Subaru nyingi za turbo unazoziona Kericho na Bomet ziliingia miaka mingi iliyopita na zimepitia mikono kadhaa. Nyingi zina injini ya EJ20, ile boksa ya silinda nne zinazolala mbili kila upande, iliyoanza na Legacy mwaka wa 1989. Subaru yenyewe iliiaga mwaka wa 2019 kwa toleo la mwisho la magari 555 pekee. Maana yake, kama una EJ20 leo, huenda imeshafunguliwa au iko njiani kufunguliwa.

Na tunazipenda kwa sababu. Colin McRae alishinda Safari Rally mwaka wa 1997 akiwa na Impreza, na Richard Burns akashinda na Impreza tena mwaka wa 2000. Watoto wengi wa Kenya walikua wakijua gari la bluu lenye rimu za dhahabu kabla ya kujua jina la mbunge wao. Lakini nyuma ya McRae kulikuwa na lori zima la mafundi na vipuri. Nyuma yako kuna bonasi ya mama.

Kinachotokea ndani

Fundi akichonga silinda, haiachi ikiwa laini kama kioo. Anaiacha na mikwaruzo midogo sana iliyopishana kama nyavu. Mikwaruzo hiyo ina kazi mbili. Inashika oili isiteremke yote, na inasugua ringi za pistoni hadi ringi na ukuta wa silinda vichukue umbo la kila mmoja. Vikishakaa hivyo, gesi ya moto haipenyi kwenda chini na oili haipandi kwenda juu.

Sasa sikiza hapa, maana wengi hawajui. Ringi haibanwi ukutani na uchipukizi wake pekee. Petroli inapolipuka, gesi huingia nyuma ya ringi ya juu na kuisukuma nje, ikabane ukuta. Mzigo ukiwa mdogo mno, msukumo huo ni dhaifu. Ringi itateleza juu ya oili bila kusugua chochote, oili itaungua na kuganda ukutani kama vanishi, na ile mikwaruzo itazibwa. Hapo hata uendeshe mwaka mzima, ringi hazitakaa. Utakula oili mpaka uifungue tena.

Upande wa pili, ukiipa mzigo mkubwa mno mapema, sehemu zinazosuguana bado ni kali na zinatoa joto jingi. Joto likizidi, utando wa oili unakatika, chuma kinagusa chuma, na ukuta unachanika. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa rafiki yangu, kwa makisio ya fundi aliyeifungua mara ya pili: alikuta pistoni mbili zina michirizi mirefu upande mmoja.

Wewe mtoto wa majani chai unalijua jambo hili tayari. Mche mpya hauchumwi mwaka unaopandwa. Matawi yake hukatwa au hulazwa yatandae, kisha unachumwa juu juu mpaka meza isawazike, na hiyo ni kazi ya miaka miwili au mitatu. Ukiuvamia mapema unaudumaza. Ukiuacha bila kuukata kabisa, unakua mti mrefu usio na faida. Injini ni vivyo hivyo, ila yenyewe inataka wiki chache tu.

Saa ya kwanza

Kabla injini haijawaka, mwambie fundi aizungushe kwa stata bila kuwasha, plagi zikiwa nje na petroli imekatwa, mpaka taa ya oili izime. Hapo oili imefika kwenye beringi. Kuwasha injini kavu ni kuanza safari kwa kujikwaa.

Tumia oili ya kawaida ya madini, isiyo ya sinthetiki. Sinthetiki ni nzuri, lakini wengi wa wajenzi wa injini huiweka baadaye, ringi zikishakaa.

Ikiwaka, angalia mambo matatu: presha ya oili, joto, na uvujaji. Boksa ya Subaru ina tabia ya kuficha hewa kwenye mfumo wa maji, kwa hivyo hakikisha hewa imetolewa yote kabla hujaondoka gereji. Mshale wa joto ukicheza juu na chini, zima. Usiseme "itajitengeneza".

Na tafadhali, usiiache iungurume nusu saa imesimama huku mkipiga picha. Hiyo ndiyo njia rahisi ya kuziba ile mikwaruzo. Ikishapata moto na haivuji, toka barabarani.

Baada ya kama kilomita 30, rudi gereji umwage oili na ubadilishe filta. Ndiyo, oili ya kilomita 30. Uchungu utaupata, lakini oili hiyo imebeba vumbi lote la chuma la siku ya kwanza. Kata filta ile uifungue na utazame karatasi yake kwenye jua. Ung'aavu mdogo wa kijivu ni kawaida. Vipande unavyoweza kuvihisi kwa kidole, au rangi ya shaba, ni ishara ya beringi kulika. Hapo gari lisiende popote.

Shamba lako la kuzoesha liko nje ya mlango

Sasa hapa ndipo watu wa Nairobi watuonee wivu. Wao watafute barabara kuu isiyo na msongamano saa kumi na moja alfajiri. Wewe una barabara ya Kericho kwenda Litein, Kapkatet, Kaplong, kisha unakata kuelekea Bomet. Inapanda, inashuka, inapinda, inapanda tena. Ni kama iliundwa kwa kazi hii.

Kilomita 150 za kwanza ndizo muhimu zaidi. Chagua gia ya tatu au ya nne. Mlima ukianza, kanyaga hadi nusu, uache mshale upande kutoka mizunguko 2,000 hadi 3,500 kwa dakika. Hapo gesi inabana ringi, kazi inafanyika. Ukifika kileleni, ondoa mguu kabisa, usikanyage klachi, uache gari lishuke kwa gia. Ukiondoa mguu hivyo, silinda zinavuta utupu, na utupu huo unapandisha oili kidogo kuja kusafisha ringi na kupoza. Mlima unapofuata, rudia. Ukitoka Kericho ukafika Litein na kurudi, utakuwa umefanya hivyo mara nyingi bila hata kufikiria.

Makosa ya kuepuka ni machache. Usibaki kwenye mwendo mmoja muda mrefu. Usipande mlima kwa gia kubwa mno injini ikitetemeka na kulia chini ya mizunguko 1,500. Usibebe mbogi nzima wala kuvuta trela. Na usiiachie turbo ivute yote. Ukisikia imeanza kukusukuma mgongo, umetosheka.

Kuanzia hapo hadi kilomita 500, mizunguko 4,000 iwe ndiyo paa lako. Ukifika 500, badilisha oili na filta tena. Kuanzia 500 hadi 1,600 unapanua polepole, ukizidisha mzigo kidogo kila wiki. Barabara ya Bomet kwenda Mulot na Narok ni nzuri kwa hatua hii, lakini ina sehemu ndefu zilizonyooka zinazokuvuta usinzie kwenye kasi moja. Badilisha kasi kila baada ya dakika chache.

Namba hizi sikuziokota hewani. Vitabu vya Subaru huwaambia wenye magari mapya kwamba kwa maili 1,000 za kwanza, yaani kama kilomita 1,600, wasivuke mizunguko 4,000, wasishikilie kasi moja kwa muda mrefu na wasiondoke kwa kishindo. BMW nao, kwa magari yao ya M, hutaka gari lirudi kufanyiwa ukaguzi na kubadilishwa oili kwenye kilomita 2,000. Kama kiwanda kilichojenga injini kwa mashine za kisasa kinaomba subira hivyo, injini iliyojengwa chini ya mabati inaomba nini?

Hata mwenye boda boda anajua. Akinunua pikipiki mpya pale Bomet, anaambiwa asiikimbize na arudi kwa huduma ya kwanza baada ya kilomita mia chache. Anatii, kwa sababu pikipiki ndiyo unga wake.

Jambo moja zito. Barabara hizi si uwanja wa mashindano. Tarehe 30 Juni 2023 lori lililopoteza mwelekeo katika makutano ya Londiani liliua watu zaidi ya 50, wengi wao wachuuzi na abiria waliokuwa kando ya barabara. Kila mtu hapa anamjua mtu aliyempoteza mtu. Kwa hivyo toka asubuhi mapema, kabla ya mvua ya mchana na mawe yake, kabla malori ya majani hayajajaa. Ukifika senta yoyote, shuka hadi 50, jinsi sheria inavyosema. Unapoliacha gari lishuke kwa gia, tazama kioo, kwa sababu taa za breki haziwaki na matatu iliyo nyuma yako haina habari.

"Mimi nimeambiwa niikanyage tu"

Najua. Kuna kambi nzima inayosema injini ikizoeshwa kwa upole inakuwa mvivu, kwa hivyo iwashe na uikanyage.

Wana nusu ya ukweli. Tumeona kwamba ringi zinahitaji mzigo, na kilomita za kwanza ndizo zenye thamani. Na ni kweli injini za mashindano huzoeshwa kwa saa chache tu kwenye mashine ya kupimia nguvu, dino. Lakini pale kuna mtu anayesoma joto la maji, joto la oili, presha na mchanganyiko wa hewa na petroli kila sekunde, na mzigo anaupandisha hatua kwa hatua. Kitu kikienda vibaya anazima. Wewe kwenye mlima wa Kapkatet una mshale mmoja wa joto ambao ukipanda umeshachelewa.

Mzigo wa wastani, joto dogo, mizunguko isiyopita kiasi. Hiyo ndiyo njia ya katikati.

Daftari la shule

Hiki ndicho kipande ambacho rafiki yangu alikosa, na hakigharimu kitu. Nunua daftari la kawaida la shule, liweke kwenye dashibodi.

Kila asubuhi, injini ikiwa baridi, soma dipstiki na uandike. Pasome mahali tambarare, na Kericho hapo pana kazi. Uwanja wa kituo cha petroli hufaa. Andika oili imeshuka kiasi gani tangu mara ya mwisho. Mwanzoni itashuka kidogo, kisha kushuka kupungue. Isipopungua hadi kilomita 1,000, mpigie fundi.

Andika petroli uliyoweka na kilomita ulizoendesha. Andika joto, moshi, sauti ngeni. Kila oili ikibadilishwa, andika ulichoona kwenye filta.

Ukifika 1,600, rudi upimwe kompresheni ya silinda zote nne, uandike namba nne kwenye ukurasa mmoja. Kitu cha kutazama zaidi ni tofauti kati yao. Silinda zikikaribiana, mko sawa. Moja ikiwa chini ya nyingine kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi, kuna neno.

Na usishtuke zote zikiwa chini ya namba za kitabu. Hapa tuko karibu mita 2,000 juu ya bahari, na hewa ya Kericho ina msukumo pungufu kwa takriban sehemu moja ya tano kuliko ya Mombasa. Geji nayo itasoma pungufu kwa kiasi hicho hicho. Kuna watu wamefungua injini nzima kabisa kwa sababu fundi alilinganisha Kericho na kitabu kilichoandikwa kwa usawa wa bahari.

Daftari hilo ndilo shahidi wako. Siku moshi ukitoka baada ya kuongeza nguvu, hutabaki katikati ya watu wawili wanaopigiana kelele. Utafungua ukurasa na kusema, siku hii, kabla hujaigusa, ilikuwa hivi.

Sasa ndiyo uongee na jamaa wa laptopu

Umefika 1,600. Oili haishuki, silinda zinalingana, umeweka sinthetiki ukitaka. Hongera. Lakini usianze na presha.

Anza na breki na matairi. Barabara zetu zina maji nusu ya mwaka, na gari linalokimbia lisiposimama ni jeneza la rangi nzuri. Kisha upozaji: radieta safi, mabomba mazima, intakula isiyovuja. Kisha petroli. Injini za turbo za Japani zilipangwa kwa petroli ya huko ya oktani ya juu, karibu 100, na ile ya pampu zetu haifiki hapo. Maana yake, hata kabla hujaongeza chochote, injini yako huenda tayari iko karibu na kugonga. Mtaalamu mwaminifu ataanza kwa kuipangia petroli tuliyo nayo, na hapo peke yake utahisi tofauti.

Ukifika kwenye presha yenyewe, kumbuka mwinuko tena. Huku juu turbo inazunguka kwa kasi zaidi ili kupata hewa ile ile. Ukiongeza presha Kericho mpaka gari likaridhishe, kisha ukashuka Ahero hadi Kisumu, hewa ya kule ni nzito zaidi. Presha ile ile kwenye geji sasa inaingiza hewa nyingi kuliko uliyoipangia petroli, na joto liko juu. Mwambie jamaa wa laptopu mapema kwamba unaendesha kote kuwili. Akikujibu kwamba haina tofauti, tafuta mwingine.

Badilisha kitu kimoja kwa wakati, uendeshe, uandike. Ukibadilisha vitano siku moja na gari likikohoa, hutajua ni kipi.

Na makaratasi usiyasahau. Ukiweka injini nyingine, nambari yake lazima irekebishwe kwenye logbook kupitia NTSA. Iambie kampuni ya bima kuhusu ulichobadilisha. Ni siku moja ya usumbufu, na ni nafuu kuliko kugundua baada ya ajali kwamba gari ulilolikatia bima silo ulilokuwa ukiendesha.

Nirudi kwa yule rafiki yangu. Aliuza zile rimu zake na ekzosi aliyokuwa akijivunia, akafanya kazi za vibarua miezi kadhaa, na injini ikajengwa mara ya pili na fundi yule yule. Safari hii alinunua daftari.

Kazi ya kuizoesha imemfanya dereva wa mamake. Jumapili ni kanisa, katikati ya wiki ni kituo cha kupimia majani, mwisho wa mwezi ni kliniki. Kupanda kwa mzigo, kushuka kwa gia. Mama mwanzoni aliuliza kwa nini gari linaguna likishuka mlima. Akaelezwa. Siku hizi yeye ndiye anayeshika daftari dipstiki inaposomwa, na anataka kuoneshwa alama kabla hajaandika.

Majuzi nilikuwa kwao. Jamaa alikuwa ameketi kwenye ngazi na simu, anatazama video ya mtu aliyeongeza presha, na nilimwona uso umeanza kuchangamka. Mama akatoka jikoni, pale chini ya paa lile la zamani, akamuuliza imefika ngapi.

"Alfu moja, mia nne na kumi."

"Basi bado," mama akasema, akarudi ndani.